Moyo kwenda mbio ghafla: tulifahamu shambulio la hofu

Mtu anapanda kivuko kwenda Msangamkuu kama alivyopanda siku nyingine nyingi. Wakiwa katikati ya maji, moyo unaanza kumdunda kwa kasi. Kifua kinabana, jasho linamtoka, miguu inatetemeka, vidole na midomo vinaingia ganzi. Ana hakika anakufa. Anapelekwa hospitali, anapimwa, anaambiwa moyo ni mzima. Anarudi nyumbani Chikongola akijiuliza: kama moyo ni mzima, kilichonipata ni nini?

Majirani hawakosi majibu. Wapo watakaosema amepandisha shetani, wengine karogwa, wengine anajidekeza. Wataalamu wa afya wanaliita shambulio la hofu. Si uchawi, si kichaa, na anayelipata hajifanyi.

Mwili una kengele yake ya hatari. Ukikutana na nyoka njiani kwenda kwenye mikorosho, homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi na pumzi inakuwa ya harakaharaka ili uweze kukimbia. Katika shambulio la hofu kengele hiyo hulia, lakini nyoka hayupo. Kwa kuwa unahema sana bila kukimbia, hewa ukaa hupungua mwilini, na hiyo ndiyo huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Mara nyingi hali hufikia kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe. Inatisha mno, lakini shambulio la hofu lenyewe haliui.

Tatizo kubwa huanza baadaye. Mtu huanza kuiogopa hofu yenyewe. Moyo ukidunda kidogo baada ya kupanda ngazi, anasema "limerudi," na wazo hilo linawasha kengele upya. Anaacha kivuko. Baada ya wiki anaacha sokoni kwa sababu kuna msongamano, halafu msikitini au kanisani, mwishowe hatoki bila kusindikizwa. Kila anapokwepa anapata nafuu ya muda, na nafuu hiyo inamfundisha kwamba kweli kivuko kilikuwa hatari. Hapa ndipo tunaona watu wengi wanapotea, kwa sababu kukwepa kunafanana sana na kujihadhari.

Likikukuta, usipigane nalo. Kaa au simama hapo ulipo kama ni salama. Jiambie: hii ni hofu, ninaifahamu, itapita. Vuta pumzi kwa pua taratibu ukihesabu hadi nne, tumbo lijae, kisha itoe kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Gusa kitu kilicho karibu, ukuta au kiti, utazame vitu vilivyokuzunguka na kuvitaja kimoja kimoja. Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, kama wengine wanavyoshauri, tunaomba muache. Kama kumbe ni pumu au moyo, mfuko huo unaweza kumdhuru mtu.

Siku zinazofuata, rudi kidogo kidogo kule ulikokuwa unakwepa. Leo nenda gatini utazame kivuko kikiondoka, kesho panda na ndugu yako, baadaye panda peke yako. Hofu itakuja. Baki hapo mpaka ishuke, usiondoke ikiwa kileleni, maana ndivyo mwili unavyojifunza kwamba hakuna nyoka. Punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Uraka na nipa hutuliza usiku mmoja, lakini pombe ikiisha mwilini wasiwasi huongezeka. Dua na maombi usiache kama yanakupa utulivu. Hayagombani na hospitali.

Anayemsaidia mwenzake asimzingire na umati wala kumpigia kelele "jikaze!" Mwambie, "Mama, nipo hapa, tupumue pamoja," nawe upumue taratibu akuone.

Hata hivyo, mara ya kwanza usijitibu kwa kukisia. Nenda kituo cha afya upimwe, maana upungufu wa damu, tezi la shingo, pumu na sukari kushuka vinaweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Wahi hospitali mara moja kama maumivu ya kifua yanaenda mkononi au kwenye taya, kama mtu amezimia, amelegea upande mmoja, au hali haipungui baada ya nusu saa.

Kwa wale ambao hofu yao inakuja na ndoto mbaya na picha za tukio la kutisha, kama waliopitia shambulio la Kitaya Oktoba 2020, mbinu hizi peke yake huenda zisitoshe. Wanahitaji mtaalamu wa afya ya akili.

Mashambulio yakijirudia, kuna tiba ya mazungumzo, na kuna dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo. Usinunue Valium dukani kwa kujiandikia mwenyewe, kwani huzoesha mwili haraka. Hospitali ya mkoa ya Ligula inapokea wagonjwa wa rufaa, na kituo cha simu cha Wizara ya Afya kinapatikana bure kwa namba 199. Ukienda, mweleze daktari lilianza lini, ulikuwa wapi, lilidumu dakika ngapi na ni sehemu gani umeacha kwenda tangu siku hiyo.