Mlandege wa Bara: Ndege na Nyua za Ngara

Mwenyeji wa Unguja hahitaji kuelezwa mlandege. Mtaa mzima wa mji wetu umebeba jina hilo, ijapokuwa wengi wapitao hapo leo hawajapata kuuona mti wenyewe. Ni jamaa ya mikuyu, mwenye tunda dogo asilolishughulikia mtu, na katika jina lake ndege amekwisha kujiwekea nafasi.

Ukizifuata jamaa za mti huo hadi magharibi ya Ziwa Viktoria, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, utazikuta uani kwa watu. Warundi na Wanyarwanda, ambao Kihangaza cha Ngara ni ndugu wa lugha zao, huuita umuvumu (asidhani mtu wa pwani kuwa ni mvumo wetu, ulio jamaa ya minazi). Tawi lake likichomekwa ardhini humea, basi likawa nguzo ya ua. Na gome lake katika nchi zile lilipigwa likawa nguo. Aliyeupanda hakuwawazia ndege. Walakini mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja: huu huiva leo, mwenziwe miezi ijayo, na hivyo ninga, hondohondo na kulukulu hupata riziki hata matunda mengine yakiwa yamekwisha.

Mwenziwe ni umurinzi, yaani mlinzi. Huu huchanua maua mekundu kama kaa wakati ambapo majani yamepukutika, na chozi huja na mdomo wake uliopinda kufyonza utamu. Katika ibada ya kale ya kubandwa ulikuwa mti mtukufu. Wala heshima haikuishia kwenye miti: Abagesera, waliotawala Gisaka ng'ambo ya mto Kagera, walimfanya nyamanza, yule ndege mdogo atikisaye mkia, kuwa mwiko wa ukoo wao.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda, na Benaco, wilayani Ngara, ikageuka mji wa maturubai. Kila chungu kilidai kuni. Vilima vya jirani vilivuliwa miti, na hali ikaendelea hadi Desemba 1996, wakimbizi hao waliporejeshwa kwao. Simlaumu mwenye chungu. Nani angelaza watoto na njaa ili kumhifadhia ninga tawi? Lakini kichaka cha wote kikishaondoka, mti wa uani, ulio na mwenyewe wa kuusemea, huwa na uzito ambao aliyeupanda hakuukusudia.

Mapori ya Burigi, upande wa Biharamulo, yana askari wake, na tangu 2019 yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ndege wa kizingitini hana askari. Ua wa matofali haumpi kitu, na mkaratusi, ukiacha maua yake, hauna tunda la kumlisha. Amtakaye na achomeke kipande cha mvumu, unene wa mkono, mvua zinapoanza. Aweke na kigae cha maji kivulini, mbali na paka. Tunda litachukua miaka. Tetere hatalingoja, atakuja kwa ajili ya maji.