Karatasi ya Nusukaputi

Miaka ya 1890 mjini Boston, kuwalaza wagonjwa kwa nusukaputi ya etha ilikuwa kazi ya wanafunzi wa udaktari, tena bila mafunzo ya maana. Mmoja wao, Harvey Cushing wa Harvard, alifiwa na mgonjwa alipokuwa akimpa dawa hiyo. Aliumia hadi akafikiria kuacha masomo.

Hakuacha. Yeye na mwenzake Ernest Amory Codman waliwekeana dau la chakula cha jioni: nani atamlaza mgonjwa vizuri zaidi? Ili kumpata mshindi, mwaka 1894 wakaanza kuandika mapigo ya moyo na pumzi huku upasuaji ukiendelea. Dau la vijana wawili likazaa karatasi ya nusukaputi.

Mwaka 1901, huko Pavia, Italia, Cushing alikuta kipimo cha presha cha Scipione Riva-Rocci: mfuko wa mpira unaofungwa mkononi na kujazwa upepo. Akakipeleka Baltimore alikofanya kazi, presha nayo ikaingia karatasini.

Oksijeni ilibaki kukisiwa kwa rangi ya midomo na kucha, ishara inayochelewa mno. Mwaka 1974 mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi akaonyesha namna ya kuipima kwa mwanga unaopenya sikio. Tangu 2008, orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inawataka wahudumu wahakikishe kipimo cha oksijeni kimevalishwa na kinafanya kazi kabla mgonjwa hajalala.