Akiba Isiyooza: Mali na Imani katika Visiwa vya Lamu

Watu wa pwani husema kwamba akiba haiozi. Maana ya kwanza ya methali hii ni ya ghalani na jikoni: aliyeweka nafaka siku ya neema hatalala njaa siku ya dhiki. Lakini historia ya visiwa vya Lamu yashuhudia kwamba akiba nyingi huoza. Hariri huliwa na nondo, pembe huchukuliwa na mwenye nguvu, nyumba ya mawe huanguka, na jina la mtawala husahauliwa na wajukuu wa wale waliomwamkia kwa unyenyekevu. Kwa hiyo atakaye kujua watu wa visiwa hivyo walithamini nini kupita vitu vyote hana budi kuuliza swali la pili pamoja na hilo la kwanza: katika yote waliyoyaweka, ni lipi lililobaki, na lilibaki kwa sababu gani?

Kisiwa cha Pate ndicho kikubwa kuliko vingine vyote vya Lamu. Ndani yake mna miji mitatu yenye sifa, Pate, Siu na Faza. Katika karne ya 17 na ya 18 mji wa Pate, chini ya wafalme wa ukoo wa Nabahani, ulikuwa miongoni mwa miji yenye nguvu katika pwani yote. Pembe za ndovu zilitoka bara zikapitia humo kwenda ng'ambo. Nguo na vyombo vilitoka Bara Hindi, Arabuni na Uchina vikapitia humo kuingia majumbani. Wafumaji wa Pate walisifika kwa nguo zao za hariri hata Wareno wakaziandika habari zake. Nyumba za wakubwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za ndani zilitiwa zidaka, safu juu ya safu, ili vyombo vya kaure viwekwe humo na kila mgeni avione. Juu ya yote ilikuwako siwa ya pembe ya ndovu, iliyochongwa kwa ustadi mkubwa, ambayo ilipigwa siku za heshima ili watu wajue kuwa mfalme ni mfalme.

Utukufu huo haukuanguka siku moja. Mwaka 1678 Wareno waliushambulia mji wa Pate kwa jeshi lililotoka Goa. Walipofukuzwa katika Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, watu wa Pate waliondokewa na adui mmoja, lakini hawakupata amani. Ndugu waligombea kiti cha ufalme. Bandari ya mji ilikuwa na maji haba, vyombo vikaweza kuingia maji yakijaa tu. Na mji wa Lamu, ulio karibu, ulizidi kupata nguvu. Karibu na mwaka 1812 Pate na Mazrui wa Mombasa walikwenda kuipiga Lamu, wakashindwa vibaya katika pwani ya Shela. Watu wa Lamu, wakiogopa kisasi, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani. Tangu siku hiyo neno la mwisho katika visiwa hivyo halikutoka Pate tena. Biashara kubwa ikahamia kwingine, hasa Unguja, ambako Sayyid Said aliyafanya makao yake.

Ni katika kivuli cha maanguko hayo ambapo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Utungo huo hauzidi beti 80, lakini katika fasihi ya Kiswahili ni machache yaliyofikia daraja yake. Mtungaji anauambia moyo wake mwenyewe uamke. Hauambii kwa hoja tupu. Anaupeleka kuiona miji. Anauonyesha majumba yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na kujaa sauti za watu, kisha anauonyesha majumba hayo hayo yakiwa makao ya popo na ndege, na zidaka zilizobeba kaure zimekuwa viota. Mafunzo ni kwamba dunia haina mkataba na mtu, na kwamba aliye na akili ataweka hazina yake mahali pasipoporomoka.

Hapa mwenye kuichunguza historia hukutana na shaka ambayo si haki kuipita kimya. Yasemwa kwamba ni rahisi kuidharau mali iliyokwisha kupotea. Sungura aliyeshindwa kuzifikia ndizi alisema hazitaki kwa kuwa ni mbichi. Je, sifa hii ya imani juu ya mali si faraja ya watu waliofilisika? Kama majahazi yangaliendelea kutia nanga Pate, je, moyo wa mshairi ungaliambiwa uamke?

Shaka hiyo ina nguvu, nayo hujibiwa kwa ushahidi, si kwa hasira. Ushahidi wa kwanza ni wa tarehe. Chuo cha Herekali, utenzi unaosimulia vita vya Tambuka, kiliandikwa Pate mwaka 1728, na mtungaji wake, Bwana Mwengo wa Athumani, aliufanya kazi hiyo kwa kutakiwa na mfalme. Wakati huo Pate haikuwa magofu. Mfalme mwenye siwa na hazina alitaka kitu ambacho siwa na hazina hazikuweza kumpa, akakitafuta katika habari za Mtume. Basi thamani ya dini haikuzaliwa siku ya msiba. Ilikuwako siku ya neema, ikikaa bega kwa bega na anasa. Ushahidi wa pili umo katika Al-Inkishafi yenyewe. Mtungaji hatukani kaure wala taa. Anavieleza vitu hivyo kwa macho ya mtu aliyevijua na kuvipenda, na ndiyo maana kupotea kwake kwauma. Asiyependa kitu hana la kuacha.

Hata hivyo ushahidi huu haumalizi neno. Karatasi na wino vilinunuliwa kwa fedha. Mwanachuoni alipata nafasi ya kusoma kwa sababu wengine walilima na kusafiri. Imani ya visiwa hivyo haikukaa mbali na mali. Ilikula katika sahani moja nayo. Kwa hiyo swali halikuwa kama watu wawe na mali au wasiwe nayo. Swali lilikuwa ni lipi litangulie, na lipi litii.

Jawabu lililo wazi lilitolewa na mwanamke wa kisiwa hicho. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siu, ambaye kwa miaka mingi alikataa kuwekwa chini ya mamlaka ya Sayyid Said. Mwaka 1844 jeshi lililotumwa na Sayyid Said lilishindwa huko Siu, na sifa za ushindi huo zilienea pwani. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake aliyekuwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha. Mke wa mtu mkubwa aliyekaribia kufa huwa na mambo mengi ya kugawa: dhahabu, nguo, vyombo, pengine viwanja na minazi. Mwana Kupona alimwita binti yake akae karibu na kushika karatasi na wino, akamwambia kuwa anachompa ni hirizi. Kito cha kwanza katika hirizi hiyo ni kushika dini. Baada yake zinafuata adabu, ulimi mwema, uaminifu, na maisha ya ndoa.

Wasomaji wa siku hizi wamebishana sana juu ya sehemu zinazomtaka mke amtii mumewe, na mabishano hayo yana haki yake. Lakini katika jambo linalozungumzwa hapa, neno kubwa ni taratibu ya mambo. Mama hakumwambia binti yake atupe mapambo. Alimfundisha pia usafi wa nyumba, manukato na vito. Alichofanya ni kuvipanga vitu hivyo mahali pake, chini ya jambo lililovipita. Mali haikufukuzwa nyumbani. Iliondolewa katika kiti cha mbele.

Yaliyofuata yaliuthibitisha uchaguzi wake. Katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid, Siu ilishindwa, na Muhammad bin Mataka, mtoto wa Bwana Mataka, akafungwa katika ngome ya Mombasa, akafia humo. Utawala ambao baba aliulinda kwa bunduki haukumfikia mwana. Lakini maneno ambayo mama aliyatia katika karatasi yalimfikia binti, na Mwana Hashima akaishi nayo mpaka karne ya 20. Wanawake waliyanakili na kuyahifadhi kwa moyo, na mwaka 1934 yakapigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Katika urithi wote wa nyumba ile, kilichosalimika ni kile ambacho hakuna askari aliyefikiri kukiteka.

Hata hivyo, ingekuwa kuidanganya historia kuacha habari hii hapa, kwa maana katika karne ya 19 mali ya Lamu haikuwa kaure na pembe tu. Mali kubwa ilikuwa watu. Mashamba ya barani, ng'ambo ya visiwa, yalilimwa na watumwa, na nafaka yao ilijaza majahazi ya matajiri. Imani iliyofundisha kuwa kila nafsi itasimama mbele ya Mola wake ilikaa katika mji ambao nafsi nyingine ziliuzwa kwa thamani. Elimu ya dini nayo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa mikononi mwa nyumba za waungwana na masharifu. Mtoto wa mtumwa hakutazamiwa kukaa safu moja na mtoto wa bwana wake mbele ya mwalimu. Hapo ndipo hatari iliyojificha ilipoonekana: imani yenyewe yaweza kufanywa mali. Yaweza kufungwa sandukuni kama hariri, ikarithiwa na ukoo, ikatumika kuwaonyesha wengine kuwa wao ni wageni. Mtu aweza kuacha dhahabu yake yote, akabaki tajiri mwenye kiburi kwa sababu ya dini yake.

Aliyelijaribu kufuli hilo alikuwa sharifu mgeni. Salih bin Alawi Jamal al-Layl, ambaye watu wa Lamu walimwita Habib Saleh, alitoka visiwa vya Ngazija akaja Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa nasaba yake angeweza kukaa na wakubwa na kula heshima yao. Badala yake alikaa upande wa Langoni, kusini ya mji, karibu na wanyonge, akafundisha watumwa, watoto wao na wageni maskini. Aliwaruhusu watumie matari yao katika kumsifu Mtume. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa, si kwa matari tu, bali kwa kuwa elimu iliyokuwa alama ya nyumba zao ilianza kuonekana mikononi mwa watu waliokuwa wakiwahesabu kama vyombo. Kutoka katika kazi hiyo uliinuka msikiti wa Riyadha, na chuo chake kikavuta wanafunzi wa pwani nzima. Mwaka 1907 sheria katika nchi ambayo sasa ni Kenya iliacha kuutambua utumwa. Lakini baadhi ya waliokuwa watumwa walikuwa wamekwisha pata mwalimu kabla ya kupata sheria. Habib Saleh aliaga dunia katika miaka ya 1930, na Maulidi ya Lamu hata leo hukusanya watu kutoka nchi nyingi.

Katika maktaba ya Riyadha kumehifadhiwa zaidi ya hati 100 za mkono, na katika miaka ya 2010 zilipigwa picha ili zisipotee. Baadhi ya vitabu vyake vimeandikwa kuwa ni wakfu. Neno hilo lastahili kutafakariwa. Kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakigawanywi katika mirathi. Mwenye kukitoa hakukiharibu wala hakukidharau. Amekitoa katika mikono ya umiliki ili faida yake iwafikie watu ambao hatawaona. Msahafu ulionakiliwa Siu kwa wino mweusi na mwekundu, kwa nakshi iliyohitaji miezi ya kazi, ulikuwa kitu cha thamani sokoni. Ukiwekwa wakfu, thamani yake haikupungua, ila haikuwa tena ya mtu mmoja.

Labda hapa ndipo jawabu la swali la mwanzo lilipo. Watu wa visiwa vya Lamu walipenda mali kama watu wote, na wengine wao waliipenda hata wakawafanya wanadamu wenzao kuwa mali. Walipenda imani pia, na mara nyingine waliipenda kwa uchoyo ule ule. Kilichodumu si kile walichokisema kuwa ni bora. Ni kile walichokubali kukitoa. Utenzi alioupewa binti mmoja ukawa wa mabinti wengi. Elimu iliyotolewa katika nyumba chache ikajenga chuo. Siwa ya Pate, ambayo haikuruhusiwa kupigwa na kila mtu, imehifadhiwa katika makumbusho na haiiti mtu yeyote. Katika magofu ya mji wa Pate wenyeji hulima tumbaku, na miche huota kati ya kuta ambazo zidaka zake zingali zikionekana. Ng'ambo ya maji, Langoni, kitabu cha wakfu bado kina jina la aliyekitoa katika ukurasa wake wa kwanza, naye hakukiandikia warithi.