Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mwalimu wa Lugha Kutoka Uzaramo

Watu wa Kibaha na Kisarawe wamekwisha kuzoea kusikia lugha za wageni. Tangu mwaka 1963 hata mwaka 1970 watu wa Denmark, Finland, Norway na Sweden waliendesha pale Kibaha shule, mafunzo ya wakulima na kazi ya uganga, kisha wakaikabidhi nchi yetu kazi ile yote. Na mwaka 2015 kilifunguliwa Kibaha kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kwa utaalamu wa watu wa Cuba, ambao lugha yao ni Kispania. Tena Umoja wa Afrika wakihesabu Kispania katika lugha zake, pamoja na Kiswahili chetu. Basi si ajabu ikiwa kijana wa Uzaramo ataka kujifunza Kispania, wala si ajabu akitaka kuendelea mpaka shahada ya pili, ile iitwayo ya uzamili, ili awe mwalimu wa lugha hiyo.

Shahada ya chuo kikuu yenyewe si neno geni katika vilima vyetu. Julius Nyerere alipata shahada ya M.A. katika Edinburgh mwaka 1952, akaja kufundisha katika shule ya Pugu, jirani na Kisarawe, mpaka mwaka 1955 alipoiacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Lakini shahada ya kufundisha lugha yawashangaza wazee wengi. Huuliza, Mtoto mdogo wa Cuba asema Kispania naye hajaingia shule; ya nini basi mtu mzima kukaa miaka darasani kwa jambo ambalo mtoto alijua?

Swali hili lataka jibu, na jibu lake twaweza kulipata nyumbani kwetu. Sisi sote twasema "kiboko yule" tukimwona mnyama mtoni, na "kiboko kile" tukiuona mjeledi ukutani. Hapana mtoto wa pwani akoseaye. Lakini mgeni akituuliza sababu, wengi wetu hucheka tu na kumwambia, Ndivyo tusemavyo. Katika Kispania vivyo hivyo. Wana maneno mawili, ser na estar, ambayo yote mawili maana yake ni "kuwa". Ukisema ya kuwa mwalimu "es aburrido", umesema kwamba huchosha watu kwa maneno yake. Ukisema "está aburrido", umesema kwamba yeye mwenyewe amechoshwa. Mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hii aweza kumtukana mwalimu wake akidhani anamhurumia! Mtu wa Cuba hakosei hata mara moja, walakini kueleza ni kazi nyingine. Kwa hiyo afuataye shahada ile husoma sauti za lugha na jinsi zitokavyo kinywani, husoma sarufi na historia yake, huchungua makosa ya wanafunzi na asili ya makosa hayo, tena hufundisha huku akitazamwa na wakubwa wake. Kuijua lugha ni kitu kimoja, na kuifundisha ni kitu cha pili. Shahada yataka viwe pamoja katika mtu mmoja.

Waspania walianza zamani. Sarufi ya kwanza ya lugha yao kupigwa chapa ilitoka katika mji wa Salamanca mwaka 1492, nayo iliandikwa na Antonio de Nebrija, mtu wa nchi ile ile. Mwenye lugha ndiye aliyeandika kanuni za lugha yake. Kiswahili hakikuwa hivyo. Sarufi yetu ya kwanza ya chapa aliitoa Krapf huko Tübingen mwaka 1850, na baada yake kitabu cha Askofu Steere kikatoka mwaka 1870. Twawashukuru mabwana hawa kwa kazi kubwa. Lakini mtu hawezi kuandika sarufi ya lugha asiyozaliwa nayo pasipo kuketi na wenye lugha na kuwauliza neno kwa neno, mchana na usiku. Watu hao walioulizwa ni walimu, nasi twawajua wachache tu kwa majina. Mmoja katika wachache hao ni mtu wa Uzaramo, na habari zake ndizo tunazotaka kuziandika.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitwaa nchi hii waliona upesi kwamba hawawezi kutawala kwa ishara za mikono. Maofisa walihitaji lugha kwa baraza na kwa kodi, na wamisionari waliifungua misheni ya Kisarawe mwaka 1892, na ya Maneromango mwaka 1895, wakahitaji lugha kwa kuhubiri na kwa shule. Ndiyo maana huko Berlin kulikuwa na chuo cha lugha za Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887 ndani ya chuo kikuu cha mji ule. Walifundisha humo Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kituruki, na Kiswahili pia.

Desturi ya chuo kile ilikuwa hii. Kila lugha ilikuwa na mwalimu Mdachi, ambaye alieleza sarufi na kuwatungia wanafunzi vitabu. Pamoja naye alikuwako mwenyeji wa lugha, aliyeitwa lektor. Kazi yake kusoma kwa sauti, kusahihisha matamshi, kuzungumza na wanafunzi, na kuwazoeza kusoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa Kiswahili mwalimu wa kwanza alikuwa Büttner, na baadaye Carl Velten, aliyekuwa zamani mkalimani wa gavana katika nchi yetu. Walektor wa kwanza walikuwa watu wa Unguja, Sleiman bin Said na baada yake Amur bin Nasur. Kisha, mwaka 1900, akaitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alizaliwa yapata mwaka 1869 katika Dunda, nyuma ya Bagamoyo, naye alikuwa Mzaramo. Nchi hiyo si mbali na Kibaha ya leo. Mto wetu wa Ruvu, ambao wazee waliuita Kingani, ndio ule ule unaoshukia baharini upande wa Bagamoyo. Alisoma Kurani na elimu ya dini ya Kiislamu, akawa mwalimu wa chuo. Alisafiri pia bara, akaandika habari za safari yake ya Udoe hata Uzigua, zikapigwa chapa katika kitabu cha safari za Waswahili alichokitoa Velten mwaka 1901. Basi asidhani mtu kwamba Wadachi walimwokota njiani kijana asiyejua kitu wakamfanya kinanda cha kutoa sauti. Walimpeleka Ulaya mwalimu aliyekwisha kuwa mwalimu, mtu wa miaka thelathini, ajuaye kalamu.

Na kalamu ile ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1903 kilitoka katika Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kwa Kiswahili, na tafsiri yake kwa Kidachi. Mna ndani yake habari za kuzaliwa na malezi, za chuo na adabu za watoto, za unyago, arusi, ngoma, utani, mashamba, watumwa, magonjwa na maziko. Sehemu kubwa ya maneno hayo ni ya Mtoro. Mtu akitaka leo kujua babu zetu wa pwani waliishije kabla ya kodi na bendera, hapana budi akisome, maana aandikaye si mgeni apitaye njia bali ni mtu aliyecheza ngoma hizo na kuzika ndugu zake kwa desturi hizo. Lakini jina kubwa mbele ya kitabu lilikuwa la Velten. La Mtoro lilipata mahali padogo ndani.

Hatutaki kumdhulumu Velten. Alikuwa na elimu ya kupanga mambo, na pasipo yeye pengine karatasi zile zingaliliwa na mchwa. Alijua kueleza yale ambayo sisi twayasema bila kujua tumeyasemaje. Huo ndio ufundi tuliouita wa shahada. Kosa twaliona mahali pengine. Chuo kile kilikata ualimu vipande viwili, kipande cha kueleza na kipande cha kusema, kikaweka cheo, mshahara mkubwa na jina katika kipande cha kwanza, na mtu mweusi hakufunguliwa mlango wa kwenda huko, hata angalikuwa na akili ya namna gani. Mtoro angaliweza kuishi Berlin miaka ishirini asiitwe profesa. Velten aliishi Afrika miaka michache, akarudi akawa mkubwa wake.

Wanafunzi huona mambo haya upesi kuliko wakubwa. Wengi wa wale waliokaa mbele ya Mtoro walikuwa maofisa na makarani waliokuwa wakijitayarisha kuja kuwatawala ndugu zake, nao hawakuwa tayari kumheshimu kama mwalimu. Sisi tufundishao twajua darasa la namna hiyo lilivyo: mwalimu asahihisha neno, na mwanafunzi amtazama kama boi aliyemletea maji kabla ya kuambiwa. Mtoro hakukubali. Alidai heshima ya mwalimu, na alipoona haipati, mwaka 1903 aliiacha kazi. Wako watakaosema alikuwa na kiburi, naye ni mgeni katika mji wa baridi asiye na shamba wala ukoo. Sisi twaona alilinda kazi yenyewe. Lugha haifundishwi kwa mtu anayemdharau aisemaye. Atapata maneno ya kuamuru, basi.

Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kidachi, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata, ndio mwaka wa vita vya Majimaji, wakasafiri pamoja kuja pwani yetu. Mtoro alikuwa akirudi kwao. Lakini serikali ya koloni haikutaka watu wamwone mwanamke mweupe akiwa mke wa mtu mweusi, ikawazuia wasikae nchini kama mume na mke. Mtu aliyewafundisha maofisa wa serikali maneno ya kusema katika nchi hii, yeye mwenyewe hakupewa ruhusa ya kuingia na mkewe. Akaambatana na mkewe, wakarudi Ulaya kwa njia ile ile waliyoijia.

Baadaye, tangu mwaka 1909 hata mwaka 1913, alifanya kazi Hamburg kwa Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, katika chuo cha mambo ya makoloni. Cheo chake huko kilikuwa msaidizi wa lugha. Hata hapo hakuitwa mwalimu kamili. Kisha akawa akienda mji kwa mji akiwaeleza Wadachi habari za Afrika ya Mashariki, na kwa hotuba hizo alijipatia riziki.

Huku kwetu nako mambo yaligeuka polepole. Wamisionari wa Kiingereza waliihamisha Kiungani ya Unguja mwaka 1925 wakaileta Minaki, katika Kisarawe, na Waafrika wakafunzwa pale ualimu karibu na nchi aliyozaliwa Mtoro. Mwaka 1964 ilianzishwa Dar es Salaam taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, na baada ya miaka kadhaa watu wetu wakaanza kupata shahada za Kiswahili, na kuwafundisha wazungu lugha hii wakiwa wao wenyewe maprofesa. Kijana wa Kibaha asomaye leo shahada ya Kispania amegeuza safari ya Mtoro: yeye ndiye aendaye kuijua lugha ya watu wengine, kama Velten alivyoijua yetu, naye atakuwa na haki ya kueleza, wala si kusema tu. Darasani mwake huenda akamkuta mtu wa Cuba aliyewekwa kuzungumza na wanafunzi kwa mshahara mdogo. Twapenda kujua atamwitaje.

Mtoro alikufa Berlin mwaka 1927. Mwaka 1981 kitabu kile cha desturi kilitolewa katika Marekani kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya J. W. T. Allen, na safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari limeandikwa mbele, katika jina la kitabu chenyewe.