Uvimbe wa mfupa ndani ya paji la uso: Si kila kichwa kiumacho ni kipandauso

MAUMIVU ya paji la uso yana jina la kale katika Kiswahili: kipandauso. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, anayesumbuliwa nayo hushauriwa kujifukiza, kujipaka mafuta ya karafuu au kwenda kuumikwa, na Marikiti hapakosi mwenye dawa ya kumuuzia. Wengi hupata nafuu. Lakini wako wachache ambao maumivu huwarudia pale pale, upande ule ule, mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwao hupatikana walioota mfupa juu ya mfupa.

Nyuma ya paji la uso, kati ya macho, mashavuni na nyuma kabisa ya pua mna vyumba vya hewa viitwavyo sainasi. Kila chumba kina njia nyembamba ya kupitishia ute kuelekea puani. Osteoma ni uvimbe mgumu wa mfupa unaoota ukutani mwa chumba hicho. Miongoni mwa uvimbe wa sainasi usio wa saratani, ndio unaopatikana kwa wingi zaidi, hasa katika paji la uso, na huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Chanzo chake hakijathibitishwa: wapo wataalamu wanaotaja pigo la kichwa, wengine maambukizi ya muda mrefu, wengine hitilafu katika ukuaji wa mfupa.

Hukua polepole mno, kwa wastani wa milimita 1 au 2 kwa mwaka, na kwa kawaida haugeuki kuwa saratani. Wengi walio nao hawajui. Huonekana katika picha ya CT iliyopigwa kwa sababu nyingine, kwa hadi watu 3 kati ya 100. Mtu wa namna hiyo hahitaji kisu. Hupigwa picha nyingine baada ya mwaka mmoja au miwili ili kupima kama umeongezeka.

Hatari huja uvimbe unapoziba njia ya ute. Ute hukwama na kuoza, na chumba hufura hadi kuyala mifupa iliyo jirani. Mpiga mbizi mwenye tatizo hili huhisi kama kichwa kinapasuka anapozama. Uvimbe ukielekea chini, husukuma jicho nje na mgonjwa huona vitu viwili viwili. Ukielekea nyuma, waweza kutoboa utando wa ubongo. Maji meupe kama ya kisima yakaanza kuchuruzika kutoka tundu moja la pua, na homa ya uti wa mgongo ikafuata. Dalili hizi si za kungojea. Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa mfano katika hospitali ya umma ya rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji wamezoea kuiita Makadara.

Hata hivyo, si kila uvimbe mgumu wa uso ni osteoma. Taya la mtoto likivimba kwa kasi, katika wiki chache, hilo ni jambo jingine kabisa. Mnamo 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu saratani ya aina hiyo, ambayo sasa ina jina lake. Huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, Pwani ikiwemo, na hutibika kwa dawa ikiwahiwa.

Osteoma inayoleta madhara huondolewa kwa upasuaji. Zamani ngozi ya kichwa ilipasuliwa kutoka sikio hadi sikio na kukunjwa mbele. Njia hiyo ingali inatumika kwa uvimbe mkubwa au ulio pembeni sana. Siku hizi mwingi hutolewa kupitia puani, kwa mrija mwembamba wenye taa na kamera, pamoja na keekee ndogo ya kuusaga mfupa.

Mwenye uvimbe kadhaa wa namna hii usoni au tayani achunguzwe pia utumbo mpana. Huenda ana ugonjwa wa kurithi uitwao Gardner, ambao huotesha vinundu vingi utumboni tangu ujana, na vinundu hivyo visipotibiwa hugeuka saratani. Katika hali hiyo ndugu na watoto wake nao hupimwa, hata kama hakuna anayelalamika kuumwa.