Fumbo la Runinga: Je, Mwandishi Hulijua Jibu Tangu Awali?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa mpendwa, tunapohakiki msuko hatukosi kukutana na kauli kwamba mwandishi "alipanga tangu mwanzo" kutuficha siri fulani. Kauli hii huandikwa kana kwamba ni hoja iliyothibitishwa. Makala haya yanadhamiria kuipima kwa kuangalia historia ya tamthilia za mfululizo za runinga ya Marekani, ambako fumbo moja huweza kuchukua miezi au miaka kufumbuliwa.

Kwanza, tutofautishe tanzu. Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), aliweza kuupitia mswada wote kabla ya msomaji kuuona ukurasa wa kwanza. Mwandishi wa mfululizo hana nafasi hiyo, kwani kilichokwisha kutolewa hakirudishwi. Charles Dickens alifariki Juni 1870 akiwa ameandika sehemu 6 kati ya 12 za riwaya yake kuhusu Edwin Drood, na hadi leo wahakiki wanabishana kuhusu hatima ya kijana huyo.

Runinga iliurithi mtindo huu pamoja na hatari zake. Mnamo Machi 1980, katika tamthilia ya Dallas, tajiri wa mafuta J.R. Ewing alipigwa risasi na mtu ambaye mtazamaji hakumwona. Kituo cha CBS kilikuwa kimeagiza vipindi vya ziada, nao waandishi wakaamua kwanza apigwe risasi. Suala la nani aliyempiga likaachwa litatuliwe baadaye. Mgomo wa waigizaji ukairefusha taharuki. Tarehe 21 Novemba 1980, watazamaji wapatao milioni 83 walielezwa kuwa ni Kristin, shemeji yake. Jibu hilo lilikubalika. Kwa nini? Kwa sababu J.R. alikuwa amemdhulumu karibu kila aliyemzunguka, Kristin akiwa mmojawapo. Mhalifu hakuwa amechaguliwa, lakini chuki ilikuwa imekwisha kupandwa.

Linganisha na yaliyotokea mwaka wa 1986. Bobby, nduguye J.R., alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Mwigizaji wake alipokubali kurejea, msimu mzima ukatangazwa kuwa ndoto ya Pam, aliyekuwa mkewe. Hakuna dokezo lolote lililokuwa limemwandaa mtazamaji kwa jambo hilo. Wengi walihisi wamechezewa shere.

Twin Peaks (1990) ya David Lynch na Mark Frost inatupa funzo jingine. Swali kuu lilikuwa: nani alimuua Laura Palmer? Lynch alitaka siri hiyo idumu, lakini kituo cha ABC kikashinikiza itolewe. Mnamo Novemba 1990 ikabainika kuwa muuaji ni babake, aliyepagawa na pepo aitwaye Bob. Bob mwenyewe alizaliwa kwa sadfa: Frank Silva, mfanyakazi wa kupanga vyombo vya jukwaani, alionekana kwenye kioo wakati wa kurekodi, na Lynch akaamua kumfanya mhusika. Siri ilipofichuka, watazamaji walipungua, na kufikia Juni 1991 tamthilia ikakoma. Ilirejea mwaka wa 2017.

Je, anayepanga kila kitu husalimika? J. Michael Straczynski aliichora Babylon 5 (1994-1998) kama hadithi ya miaka 5, na akaandika vipindi 92 kati ya 110. Hata hivyo, mwigizaji mkuu Michael O'Hare aliondoka baada ya msimu wa kwanza. Straczynski alikuwa amemwandalia kila mhusika njia ya kutokea, hivyo kamanda mwingine akaingia na safari ikaendelea. Waandishi wa Lost (2004-2010) nao, hadi mwaka wa 2007 walipokubaliwa kuweka tarehe ya mwisho, hawakujua wangehitajika kuirefusha hadithi kwa miaka mingapi. Ni vigumu kugawa siri usiyojua itagawiwa siku ngapi.

Historia hii yatufunza nini? Mosi, mpango ni dira tu. Kifo, mgomo, mwajiri na sadfa huupinda. Pili, ufumbuzi haupimwi kwa wakati ulipobuniwa, bali kwa jinsi unavyooana na yaliyotangulia. Kwa hivyo, mtahiniwa, usidai kujua yaliyokuwa moyoni mwa mwandishi. Andika hivi: "Ufichuzi huu unaaminika kwa sababu awali tulidokezewa kwamba...", kisha utaje tukio na mahali linapopatikana. Iwapo hakuna dokezo, sema wazi kuwa msuko una udhaifu. Huo nao ni uhakiki. Nawe mwalimu, usimkate mwanafunzi alama kwa kuthubutu kusema hivyo, mradi ametoa ushahidi.

Fumbo ni ahadi kwa hadhira, na ahadi ni deni. Kazi ya mhakiki ni kuonyesha kama deni hilo limelipwa.