Mwanga wa Kamera na Haki ya Uso

Wengi hudhani kuwa kamera huona kama jicho lionavyo. Sivyo. Kamera haioni ila kile ilicholetewa na mwanga, na kiasi cha mwanga huo huamuliwa na mwanadamu: ama aishikaye, ama aliyeitengeneza. Kwa hiyo historia ya mwanga wa kamera ni historia ya maamuzi ya watu juu ya nani aonekane na nani abaki gizani.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi uliochanganywa na dawa ya kuchochea moto. Ulipowashwa, ulilipuka kwa mwanga mkali na moshi mzito. Habari hiyo ilimfikia Jacob Riis, mwandishi wa magazeti mjini New York, aliyekuwa akieleza dhiki ya maskini waliorundikana katika vyumba vya giza, wala maneno yake hayakuwagusa watu vya kutosha. Akaingia usiku na unga ule katika vyumba hivyo, na picha zake zikatoka katika kitabu mwaka 1890. Wenye nyumba nzuri wakaona walivyolala jirani zao. Lakini baadhi ya waliopigwa picha waliamshwa na mlipuko, bila kuombwa idhini. Mwanga uliowatetea ndio uliowavunjia stara.

Mwaka 1929 zikatokea Ujerumani balbu zilizofungia moto ule ndani ya kioo. Kuanzia mwaka 1931 Harold Edgerton, huko Massachusetts, akaendeleza taa ya umeme itoayo mwako wa muda mfupi mno, na flashi ya leo imetokana na taa ya namna hiyo. Moshi ukaondoka, swali la haki likabaki.

Katika miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafishaji wa picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iwe kipimo cha rangi. Uso wake ukawa ndio sahihi, na nyuso nyeusi zikatoka bila umbo. Mtaalamu wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kuwa malalamiko yaliyosaidia kurekebisha filamu yalitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao rangi za bidhaa zao hazikutokea vema. Kumbe mbao zilisikilizwa kabla ya watu!

Wala kuonekana peke yake si haki. Kamera ya vitambulisho ya Polaroid ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, na mitambo ya kampuni hiyo ilitumika Afrika Kusini kupiga picha za pasi walizolazimishwa Waafrika kuchukua. Mwaka 1970 wafanyakazi wake wawili weusi huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo wakaanzisha upinzani. Mwaka 1977 kampuni ikaacha biashara yake katika nchi ile.

Kamera ya kwanza ya kidijiti iliundwa na Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975. Hatimaye filamu ikapungua, lakini hukumu haikukoma. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hutafuta wastani, kana kwamba dunia nzima ni ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso hupotea. Dawa yake ni kuisahihisha: alama ya kuongeza moja huzidisha mwanga mara mbili. Flashi nayo husaidia kwa karibu tu, kwani umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Ikiwa kali mno, hufanya paji la uso ling'ae na sura ipoteze kina. Heri kuipunguza, au kuielekeza kwenye dari nyeupe ili mwanga urudi kwa upole.

Mambo haya ni madogo, nayo hufanywa kwa kidole kimoja. Lakini anayeiacha kamera iamue amekubali uamuzi wa mtu asiyemjua, juu ya uso ambao mtu yule hakuuona. Chombo hakina dhamira. Dhamira ni ya mshika chombo. Basi kabla ya kubonyeza, na amtazame kwanza aliye mbele yake, amwombe idhini, kisha ampe mwanga unaomstahili.